Namba ya Siri ya Baba Mkwe

"Usibonyeze!"

Keshia aliniwahi. Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe aliponinyang'anya mashine, akaichomoa kadi na kuishika kifuani kama mtu aliyedaka mtoto asianguke.

Kisha akaninyooshea kidole kimoja. "Imebaki mara moja, mama. Ukikosea tena kadi inajifunga. Ikijifunga hapa, hakuna wa kuifungua mpaka urudi kwenu."

Kwa wewe ambaye leo ndiyo unakutana na mimi, ngoja nikuweke sawa, halafu tuendelee na balaa letu.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu, mama wa watoto. Nipo ugenini, nchi ambayo hata "asante" yao inanipiga chenga. Nimemsindikiza baba mkwe wangu, aliyekuja kubadilishiwa goti. Watu wanamwita Mzee Godoro kwa sababu ana kiwanda kidogo cha magodoro, na nusu ya mtaa wetu inalalia kazi ya mikono yake. Aliyepaswa kumsindikiza ni mume wangu, lakini dakika za mwisho akasema pasipoti yake imekwisha muda. "Nenda wewe," aliniambia. "Baba anakupenda kuliko sisi aliotuzaa."

Goti halijaguswa hadi leo. Asubuhi moja, nyumba ya wageni, tukiwa mezani, kikombe kilimtoka Mzee mkononi, mdomo ukaenda upande, naye akafuata kikombe chini. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala. Ulimi nao ukabaki na neno moja tu: "Basi."

Akitaka maji, "Basi." Akikataa maji, "Basi." Akiumia, "Basi."

Pesa zote za safari zimo kwenye kadi yake ya benki, ile yenye kile kijibati cha dhahabu mbele. Kadi inataka namba ya siri. Namba iko kichwani mwa Mzee, na kichwa cha Mzee hakifunguki.

Wiki iliyopita mliniacha dirishani kwa keshia, nikiwa nimejaribu mara mbili. Nilijaribu mwaka aliozaliwa, ukakataa. Nikajaribu mwaka alioanzisha kiwanda, ambao wifi yangu aliniapia kuwa ndio wenyewe, nao ukakataa. Nilikuwa naenda kujaribu mwaka wa ndoa yake, nao huo nauotea tu, ndipo keshia akanirukia.

Sasa tuendelee.

"Kwani siwezi kuigusisha tu?" nilimuuliza. "Dukani kwenu hapo chini naigusisha kwenye mashine, inalia, naondoka na supu."

Mimi na keshia tulikuwa tunaongea lugha ya kuazima, si yake wala si yangu, kila mmoja na vipande vyake.

"Supu ni kitu kidogo," alisema. "Vitu vidogo vinapita bila namba. Upasuaji si kitu kidogo."

Ni kweli. Tangu Mzee aanguke nilikuwa naishi kwa kugusisha: supu, sabuni, nepi za wakubwa, na juzi, kwenye duka la viatu, kandambili za mpira za kuingilia bafuni. Siku moja mashine ya dukani nayo ilianza kudai namba, nikarudisha mkate kwenye rafu huku watu kwenye foleni wananitazama.

"Daktari anasema kesho," keshia aliendelea. "Mshipa wa shingo umeziba. Usiposafishwa, kiharusi kingine kinakuja, na hicho hakitamwachia hata hilo neno moja. Lakini ofisi inasema malipo kwanza."

"Mlimpokea bila pesa."

"Ile ilikuwa dharura. Kwa ofisi, hii si dharura."

"Na kwa mshipa je?"

Alitazama chini. "Mimi ni keshia tu, mama."

Benki nilishawapigia, msidhani nilikaa tu. Dada wa benki alikuwa na sauti tamu kweli. Akasema hawezi kuongea na mimi, ataongea na mwenye kadi mwenyewe. Nikamwekea Mzee simu.

"Mzee, tafadhali taja jina lako kamili."

"Basi."

"Samahani, sijakusikia vizuri. Jina la mama yako mzazi?"

"Basi! Basi!"

"Mzee, kama hutaki kutoa ushirikiano sitaweza kukusaidia." Akakata.

Na huyu ndiye mtu aliyewaaga watu wa benki kabla hajatuaga sisi! Kabla ya safari alikwenda mwenyewe tawini, akawaambia anakwenda nchi gani na anarudi lini, ili kadi isije ikazuiwa huko. Kila kitu alikipanga. Kuugua tu ndiko hakukupanga.

Nilipotoka kwa keshia nilikaa kwenye benchi la korido nikapiga simu nyumbani. Hospitali ile ilikuwa na wifi ya bure. Wifi yangu mimi ndiye wa gharama.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Ukoo mzima unamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata msiba ukitokea kwa jirani, yeye ndiye anayegawa kazi.

"Umejaribu ule mwaka niliokupa?" aliuliza.

"Umekataa, wifi."

"Haukatai ule! Utakuwa umebonyeza vibaya. Wewe mikono yako imezoea cherehani."

"Imebaki mara moja tu."

"Basi usiguse kitu. Nimemuuliza mume wako mbele ya wote, kasema hata yeye namba haijui. Tunakaa kikao jioni hii. Tukikosa namba, kesho naenda benki mwenyewe, nikalale mlangoni kwao mpaka wanipe maelezo."

Hata sijaweka simu chini, ujumbe wa mume wangu ukaingia. *Mke wangu, msijaribu tena hiyo kadi. Nakusihi. Mrudishe baba nyumbani tutamtibu huku.*

Nikamwandikia kuwa daktari amekataza ndege. Kwamba akipanda na mshipa ule, naweza kushuka na maiti.

Akajibu: *Madaktari wanatisha watu ili wapate pesa.*

Nilidhani ni woga. Mtu anayempenda baba yake huongea ovyo akiwa mbali. Ndivyo nilivyojiambia, na nikamwonea huruma.

Wodini nilimkuta Mzee ameegemezwa mito, muuguzi anamnyoa ndevu. Muuguzi huyu alikuwa mama mnene wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alikuwa amejifunza neno letu moja.

"Basi?" alimuuliza Mzee, akimwonyesha kioo.

"Basi," Mzee alijibu, akijitazama. Wote wawili wakaonekana wameelewana.

Mimi na baba mkwe wangu tulikuwa hatujawahi hata kukaa kiti kimoja. Nyumbani akiingia sebuleni mimi nainuka. Sasa namlisha kijiko kwa kijiko, namfuta mdomo, namgeuza. Siku za mwanzo alikuwa anafumba macho nikimhudumia, nami nafumba ya kwangu kidogo, tukasitiriana hivyo hivyo.

Nilimfungulia simu yangu upande wa namba. "Baba, nionyeshe ya kadi. Polepole."

Bahati moja tuliyokuwa nayo ni kwamba Mzee ni wa shoto. Mkono uliopona ndio aliokuwa akiutumia siku zote. Akanyoosha kidole, akakisimamisha juu ya namba. Akabonyeza saba. Akanitazama kama anayeuliza. Akafuta, akabonyeza mbili. Akafuta. Machozi yakamlengalenga, akaisukuma simu hadi ukingoni mwa kitanda.

"Basi."

Hiyo niliielewa bila mkalimani.

Muuguzi alikuwa anatazama. Akauliza tunatafuta nini, nikamweleza kwa vipande vyangu. Akafikiri, kisha akatoka, na aliporudi alikuwa na keshia nyuma yake na mashine kuukuu ya kulipia, ya kushika mkononi, iliyokufa betri.

"Kichwa kinasahau namba," muuguzi alisema, akigonga paji lake. "Mkono hausahau njia. Nimeona hapa bibi asiyejua jina la mwanawe, lakini ukimpa uzi na sindano anafuma. Mpe kitu chenyewe."

Tukampa. Mzee akaipokea, akaigeuza, akaikagua kama mteja anayekagua godoro. Kidole kikaenda kwenye namba. Kikasita. Kikarudi.

Akaanza kupapasa kitandani. Akapapasa mto, akapapasa shuka, akainua uso kunitazama, "Basi, basi, basi," kwa hasira ya mtu anayezungumza na wajinga.

"Anataka nini?" keshia aliuliza.

Nami nikakumbuka! Uwanja wa ndege, siku tuliyofika, Mzee alipolipia chupa mbili za maji. Hakutaka kugusisha; alichomeka kadi, akavua kofia yake, akaifunika mashine yote, akaingiza mkono chini yake na kubonyeza humohumo gizani. Mimi niliyesimama naye niliamriwa nigeuke nitazame ukuta. Muuzaji alicheka, Mzee akamwambia kwa lugha yetu, "Cheka tu, mwanangu. Pesa si zako."

Kofia ilikuwa kwenye kabati la chuma kando ya kitanda. Niliitoa nikaiweka juu ya mashine.

Uso wa Mzee ukabadilika palepale. Mkono ukaingia chini ya kofia bila kuulizwa. Tu-tu-tu-tu. Kisha tu ya mwisho, nzito, upande wa kitufe cha kijani. Akatoa mkono.

"Rudia, baba."

Tu-tu-tu-tu. Tu. Mdundo ule ule.

Niliinama kidogo nichungulie. Akaibana kofia kwa kiwiko, akanitolea jicho. "Basi!"

Muuguzi alicheka hadi miwani ikamwanguka kifuani. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Keshia hakucheka. "Mama, hujui amebonyeza nini."

"Sijui."

"Inaweza kuwa namba ya simu. Inaweza kuwa ya kitu chochote."

"Inaweza."

"Na imebaki mara moja."

Nilimtazama Mzee. Alikuwa ametulia, mkono juu ya kofia, kama mtu aliyefika kazini kwake. Nikafikiria ujumbe wa mume wangu, na sauti ya wifi ikinikataza. Wote walikuwa mbali, na mshipa ulikuwa hapa.

"Lete mashine nzima," nikasema.

Keshia aliileta. Akaandika kiasi, akanionyesha, akachomeka kadi. Kioo kikauliza nilipe kwa sarafu yao au ya kwetu. Hilo nilishajifunza dukani: ukichagua ya kwetu, wanakupiga bei ya kubadilishia. Nikachagua yao. Kofia ikawekwa. Muuguzi akaushika mkono wangu, mikono yake inanuka sabuni ya kunyolea.

Tu-tu-tu-tu. Tu.

Nilifunua kofia.

Keshia alisoma kwa sauti, kwanza kwa lugha yake, kisha kwa ya kuazima. "Namba sahihi. Namba ni sahihi!"

Nilipiga kigelegele. Katikati ya wodi ya watu wagonjwa, ugenini, kigelegele. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua mkono kunisalimia. Muuguzi alimbusu Mzee kwenye upara, na Mzee akasema "Basi, basi," akiona haya.

Mashine ilikuwa bado inafikiri. Ikatoa karatasi. Keshia aliichana, akaisoma, uso ukamshuka.

"Imekataliwa," alisema.

"Umesema namba ni sahihi."

"Namba ni sahihi. Pesa hazipo. Salio halitoshi."

"Haiwezekani. Mzee aliuza gari la kiwanda kwa safari hii. Nilikuwepo."

Akanigeuzia karatasi, kana kwamba ningeweza kuisoma. "Halitoshi, mama. Samahani sana." Akachukua mashine zake zote mbili akaondoka, akitembea upande upande kama aliyekosea yeye.

Mkoba wangu ulikuwa chini ya kiti. Ndani yake mlikuwa na simu ya Mzee, ile ya vibonyezo, ambayo tangu aanguke ilikuwa inatetemeka mara kwa mara. Sikuwahi kuifungua. Nilidhani ni salamu za wateja wake, na simu ya baba mkwe si kitu cha kupekua.

Siku hiyo niliipekua.

Zilikuwa meseji za benki. Chache zilikuwa zangu: duka la vyakula, duka la dawa, duka la viatu. Zilizobaki hazikuwa zangu. *Umetoa pesa. Umetoa pesa. Umetoa pesa.* Zote kwenye mashine ya kutolea pesa ya kule nyumbani, ile iliyo kando ya soko, hatua chache kutoka kibanda changu cha kushonea. Na zote kwa kadi ambayo tarakimu zake za mwisho si za hii niliyoishika.

Kulikuwa na kadi ya pili.

Nilitafuta meseji ya kwanza kabisa. Ilikuwa ya siku ile ile niliyopiga simu nyumbani nikilia, nikiwaambia kwamba baba hawezi tena kusema.

Nilitaka mtu wa kunishika mkono, na mtu wangu ni mmoja. Simu ilikuwa mkononi, sikungoja kutafuta yangu. Nikampigia mume wangu kwa hiyo hiyo ya Mzee. Kipaza sauti cha sikioni kilishakufa, inasikika kwa sauti ya nje tu, kwa hiyo wodi nzima ilisikia ikiita.

Alipokea haraka. "Baba?"

Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa ya mtoto aliyefumaniwa.

"Baba, umepona? Baba, nisikilize kwanza, nilikuwa nataka kukwambia mwenyewe—"

"Ni mimi," nikasema.

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ulikuwa unataka kumwambia nini?"

"Nani, mimi? Nilikuwa… nilifurahi tu. Nilidhani amepona." Akakohoa. "Mbona unapiga kwa simu ya baba?"

"Kadi imekubali namba. Pesa hazimo."

"Si nilikukataza! Si niliandika msijaribu!" Alikuwa anapayuka sasa. "Na zingebaki vipi? Kila siku supu, kila siku sijui viatu, unakula maisha huko halafu—"

"Nani kakwambia nimenunua viatu?"

Kandambili zile nilizigusishia kadi peke yangu, kwenye duka la viatu, juzi. Sikumwambia mtu. Aliyejua ni mimi, na benki, na yeyote aliyekuwa anaichungulia akaunti ile.



"Hiyo kadi ya pili unayo wewe," nikasema.

"Baba mwenyewe alinipa. Siku ya kuondoka. Alisema ya dharura."

"Na dharura ilikuwa ipi?"

"Mke wangu, pesa zipo. Sijazila. Kuna mahali nimeziweka."

"Mahali gani?"

"Ukirudi nitakueleza. Ni jambo refu." Sauti ikalainika, ile anayoitumia akitaka nimpigie pasi shati la pili. "Naweza kuzirudisha hata leo. Zote. Baba apasuliwe kesho. Lakini nisaidie kitu kimoja. Dada anataka kwenda benki kesho. Akienda, mimi nimekwisha. Wewe sema kwenye kundi la familia kwamba kosa lilikuwa lako. Sema tu nimekosea mimi, nisameheni, sasa mambo yako sawa. Wataelewa ni ile namba. Dada atatulia, na mimi naziingiza palepale."

"Unataka niongope."

"Nataka baba aishi. Wewe hutaki?"

Niligeuka kumtazama Mzee. Nilikuwa nimesahau kwamba anasikia. Watu tunamsahau mtu asiyesema, tunadhani na masikio yamelala. Alikuwa ameushika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, chozi moja linashuka upande ule wa uso ambao hauwezi kulifuta.

"Basi," alisema. "Basi. Basi."

Niliinama kwake. "Basi nini, baba? Basi nikubali? Au basi nisikubali?"

"Basi."

Sikuelewa. Nilimtazama mdomoni, machoni, mkononi, na sikuelewa.

Hukumu yenu naijua. Wapo mtakaosema ningekataa, ningempigia wifi palepale na kumwaga kila kitu. Labda. Lakini wifi angepiga kelele, kikao kingegeuka vita, mume wangu angezima simu, na pesa zingebaki huko mahali zilikowekwa. Mshipa usingengoja wamalize kugombana. Nilipima hivyo, kwa akili niliyokuwa nayo saa ile.

Nikachukua simu yangu, nikaenda mwisho wa korido, nikarekodi.

"Ndugu zangu, kosa lilikuwa langu mimi. Nisameheni sana. Kila kitu sasa kitakuwa sawa, baba atatibiwa. Nisameheni."

Nikatuma.

Mume wangu alitimiza ahadi, hilo siwezi kumnyima. Kabla ya jua kuzama simu ya Mzee ilianza kutetemeka tena, na safari hii meseji zilikuwa za pesa kuingia. Keshia akapanda na mashine yake. Kofia ikawekwa, mkono ukaingia. Tu-tu-tu-tu. Tu. Karatasi ilitoka ndefu kuliko ile ya kwanza, na keshia akaipiga mhuri juu ya goti lake.

"Imepita," alisema. Akanipa mkono wa pongezi.

Sikupiga kigelegele. Nilimshukuru tu.

Asubuhi walikuja kumchukua Mzee na kitanda chake cha magurudumu. Nilitembea kando yake mpaka mlango mkubwa wa chuma ambao mgeni haruhusiwi kuuvuka. Tulisimamishwa pale tungoje. Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa wifi.

Nilidhani ni dua. Nikaiweka sikioni.

"Nimeisikiliza hiyo sauti yako mara nyingi," Mwenyekiti alianza. Hakuwa anapayuka. Nilishazoea apayuke, na utulivu ule ulinitisha zaidi. "Mume wako ametueleza kila kitu kwenye kikao. Kwamba ulimwibia baba kadi yake ya pili kwenye begi kabla hamjaondoka. Kwamba ulimwachia mtu wako huku awe anakutolea, hapo sokoni kwenye kibanda chako. Kwamba yeye ndiye aliyekubana jana mpaka ukarudisha. Mimi nilibisha. Wallahi nilibisha, nikasema yule hawezi. Ndipo akatuwekea sauti yako. Umekiri kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya ukoo mzima."

Ujumbe ukaendelea.

"Watoto wako kwangu. Ukirudi, usije kuwachukua, pitia kwenu kwanza. Kuanzia leo wewe si mtu wetu. Na nisikie vizuri: usitie sahihi yako kwenye karatasi yoyote ya baba yetu. Likimpata lolote humo ndani, tutajua ni mkono wa nani."

Nikaisikiliza mara ya pili, nikidhani nimesikia vibaya. Nilifungua meseji za benki kwenye simu ya Mzee, nikatafuta cha kumtumia, cha kujitetea. Zilionyesha kadi, zilionyesha mashine ya kando ya soko. Mkono uliobonyeza hazikuuonyesha. Na kila nilichokuwa nakisoma kilikuwa kinashuhudia upande wa mume wangu: soko langu, kibanda changu, sauti yangu.

Aliyesikia maongezi yote mwanzo hadi mwisho alikuwa amelala mbele yangu, amevalishwa gauni la karatasi, ananitazama.

Muuguzi akaja haraka, miwani ikining'inia, ameshika ubao wenye karatasi na peni.

"Sahihi," alisema. "Daktari yuko tayari."

"Kwani yeye hawezi kutia mwenyewe? Ni wa shoto, mkono wake mzima."

"Mkono mzima, lakini hawezi kutuambia ameelewa. Sheria inataka ndugu." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hapa jina lako." Akashusha kidole. "Na hapa andika wewe ni nani wake."

Nilishika peni. Simu ikaanza kuita kwenye mkono wa pili. Wifi tena, anapiga, anaendelea kupiga.

"Mama?" muuguzi alisema. "Wewe ni nani wake?"

Mlango wa chuma ukafunguka kidogo. Daktari akatoa kichwa, kofia ya kijani, kitambaa mdomoni, mikono juu hataki kugusa kitu. Alinitazama mimi, akatazama karatasi tupu, akamuuliza muuguzi kitu kwa lugha yao, kisha akanirudia kwa ile ya kuazima.

"Vipi, ndugu yupo au hayupo?"